Jinsi ya Kupokea Jumuiya Nzima Krismasi, Ukiwa na Sufuria Mbili

Siku mwenyekiti wa jumuiya atakaposimama baada ya rozari na kutangaza kwamba mkusanyiko wa Krismasi mwaka huu utakuwa nyumbani kwenu, sema neno moja tu: "Tumepokea." Usimtazame mwenzio wa ndoa. Ukimtazama ataona umeshtuka, naye atashtuka, na wote walioketi mkekani watajua kwamba nyumba yenu ina sufuria mbili na kuku watatu, na mmoja kati ya hao kuku analalia mayai.

Zamu hiyo ilitufikia hapa Bwera, upande wa Uganda wa mpaka na Kongo, miaka michache iliyopita, tukiwa hatujawahi kupokea zaidi ya watu kumi kwa mara moja. Walikuja zaidi ya sabini. Walisali, wakala, wakaimba mpaka mbuzi wa jirani wakanyamaza kusikiliza, wakarudi makwao. Sufuria zetu zilibaki mbili zile zile. Mwaka huu wa 2026 zamu imeturudia, na kwa kuwa kila wiki kuna mtu anayeniuliza tulifanyaje, nimeona niandike. Atakayefuata maagizo haya, awe Bwera, Kisinga au Kasese mjini, atalala usingizi wake mkesha wa sikukuu.

Anza na siku. Tarehe 25 si yako. Ni ya parokia asubuhi na ya kila familia mchana; ukiwaita watu siku hiyo utakuwa umewanyang'anya watoto wa wenzako kipande chao cha kwanza cha nyama. Wengi hukimbilia tarehe 26, kwa kuwa nayo ni mapumziko. Lakini fungua kalenda: mwaka huu tarehe 26 ni Jumamosi. Kwetu hutembei nyumba nyingi bila kukuta mlango wa Msabato, na Msabato hawezi kuacha ibada ya siku yake aje kukusaidia kupanga viti. Basi chagua Jumapili, tarehe 27. Jumapili hiyo Kanisa Katoliki linaadhimisha Familia Takatifu ya Nazareti, na hakuna siku inayofaa zaidi kwa watu kujazana katika ua wa familia moja.

Kuna wanaouliza kwa nini tusikutane kanisani, penye benchi na paa pana. Swali hilo lina umri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliiita familia ya Kikristo kanisa la nyumbani. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, waliamua kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ndizo zitakuwa kazi yao ya kwanza. Ndiyo maana tunakutana chini ya mwembe wa mtu, juu ya mkeka wa mtu, tukimwona anavyoishi. Padre anaweza kukufahamu miaka ishirini kanisani asijue kwamba paa lako linavuja. Jumuiya inajua kuanzia mvua ya kwanza.

Sasa hesabu wageni. Katibu atakuletea orodha ya majina thelathini. Zidisha kwa mbili, kisha ongeza watoto. Ukianza kuisoma ndipo utakutana na jambo ambalo mgeni wa kutoka Kampala au Nairobi hulistaajabia: Baluku watano, Bwambale saba, Masereka wanne, Kule watatu, Thembo wawili. Si ukoo mmoja, wala katibu hajakosea. Sisi Wakonzo humpa mtoto jina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku au Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Wasichana nao: Masika, Biira, Kabugho, Mbambu, na kuendelea. Ukisimama uani ukaita, "Bwambale, lete kuni!" watainuka wanaume saba, halafu wataketi saba, kila mmoja akiamini mwenzake amekwenda. Kuni hazitakuja. Waite kwa majina ya ubatizo, au kwa kilima wanachotoka, au uwashike mkono.

Usisahau walio ng'ambo. Mto Lhubiriha unapita kati ya Mpondwe na Kasindi, na serikali mbili zimeufanya mpaka, ila jina halikukatika katikati ya maji. Ndugu zetu Wanande wa Kongo wana mpangilio ule ule: Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Masika, Kavira, Kavugho, Kahambu. Kambale akifika mlangoni kwako, huyo ni Bwambale aliyevuka daraja. Mpe kiti kile kile ambacho ungempa wetu.

Soko la Mpondwe ni Jumanne na Ijumaa, na Ijumaa ya mwaka huu ni Krismasi yenyewe. Kwa hiyo siku yako ni Jumanne, tarehe 22, alfajiri. Nenda na shilingi, na kama una faranga za Kongo nenda nazo pia. Nunua mawese na unga wa muhogo. Samaki wa Ziwa Edward chagua ngege, yule ambaye Watanzania humwita sato. Chumvi iwe ya Katwe. Najua chumvi ya pakiti ni nyeupe zaidi, lakini watu wa Katwe husimama kwenye maji yale makali saa nyingi kuivuna, na wengine kati yao watakuwa wameketi uani kwako. Waionje kazi yao kwenye mchuzi.

Kuhusu mbuzi, swali la kwanza ni nani atakayemchinja, hata kabla ya bei. Mwombe jirani yako Mwislamu. Akichinja yeye, nyama hiyo inalika na kila mtu kijijini, naye na watoto wake hawatakaa upande wa pili wa ua wakinusa tu. Tulipomwomba jirani yetu mara ya kwanza alifika mapema kuliko katekista, kisu kikiwa kimenolewa, na kanzu ya Ijumaa ameivaa siku ya Jumapili kwa heshima yetu. Nguruwe mwache nyumbani kwake. Ni mtamu, sikatai, lakini utamu wake unawafukuza Waislamu na Wasabato kwa mpigo mmoja. Na kwa kuwa Wasabato hawali samaki asiye na magamba, kambale asisogee karibu na sufuria. Nasema kambale samaki. Kambale mtu ni mgeni wetu, apelekwe mbele.

Vinywaji vinahitaji busara. Hii ni nchi ya kahawa. Kuanzia miteremko ya Rwenzori hadi uani kwako, kila familia ina miti yake, na ikiwa mavuno hayajaisha utakuta kahawa imeanikwa kwenye turubai pale pale unapotaka kuweka hema. Iondoe tarehe 26 jioni, usingoje watoto waicheze. Wageni watataka kahawa. Lakini Wasabato wengi hawaigusi, wala majani ya chai, hivyo chemsha na mchaichai birika kubwa. Pombe ya ndizi italetwa hata usipoialika. Iweke chini ya usimamizi wa bibi mmoja asiyecheka ovyo.

Bundu ndilo linalowaogopesha wenyeji wapya, nami nawaelewa. Ugali wa muhogo haupikwi alfajiri ukangoja mchana; ukipoa unakuwa mgumu, na mtu mzima atauzungusha mdomoni akitafuta njia ya adabu ya kuumeza. Tena kusonga bundu la watu sabini katika sufuria moja kunataka mabega ya wachimba madini wa zamani wa Kilembe. Usijaribu. Gawa kazi. Chagua nyumba kumi za karibu, kila moja isonge bundu lake wakati sala inakaribia kwisha, ilifunge kwa majani ya mgomba, mtoto alibebe mbio. Utaona watoto kumi wakiingia uani kutoka pande zote, kila mmoja na furushi linalotoa moshi kichwani. Sijaona maandamano ya Krismasi mazuri kuliko hayo. Ndivyo sufuria mbili zinavyotosha: moja ya sombe, yaani kisamvu, moja ya mbuzi. Samaki waokwe na vijana kwenye makaa.

Hapa niseme jambo ambalo kwangu ni zito kuliko mapishi. Katika orodha ile ya katibu, tafuta akina Masika. Wale mabinti wa kwanza wamezaliwa na sufuria mkononi. Wamepika kwenye arusi za wadogo zao, kwenye matanga, kwenye ubatizo, na katika kila mkusanyiko wa jumuiya huwa nyuma ya nyumba, machozi ya moshi machoni, Injili inaposomwa mbele. Wengine wana miaka mingi hawajaisikia Injili ya Jumapili hiyo mpaka mwisho. Kwako isiwe hivyo. Sombe itwangwe na kuchemshwa Jumamosi. Mbuzi akabidhiwe kwa wanaume watatu na mwiko. Katekista asifungue kitabu mpaka wanawake wote wawe wameketi, wamefuta mikono. Na baada ya chakula vyombo vioshwe na akina Bwambale wote saba, na hapo ndipo unaweza kuita jina moja wakainuka wote bila hasara.

Sasa mchango. Desturi yetu ni kila nyumba kutoa kiasi fulani, na mweka hazina husimama na daftari akasoma majina: huyu elfu kumi, huyu elfu tano, huyu bado. Mwaka ule wa kwanza tulifanya hivyo. Baada ya wiki moja nilimkuta mama mmoja mjane njiani, nikamwuliza mbona hatukumwona. Akasema alikuwa na homa. Mjukuu wake, ambaye hajajifunza kuficha, akasema, "Bibi hakuwa na pesa ya kuja." Pesa ya kuja! Watu sabini walikula tukasaza, na mmoja alikaa mlangoni kwake akisikiliza ngoma zetu, kwa sababu tulikuwa tumeweka kiingilio bila kujua.

Injili ya Jumapili ya tarehe 27 mwaka huu, kwa mzunguko wa masomo unaoanza Majilio haya, ni ya Luka sura ya pili: Yosefu na Maria wanampeleka mtoto hekaluni. Mwinjili anataja sadaka ya ndege wawili, na Sheria ya Walawi inaeleza kwamba hiyo ilikuwa sadaka ya mtu asiyemudu mwanakondoo. Familia Takatifu yenyewe ilitoa mchango wa chini. Lau mweka hazina wa jumuiya yetu angekuwa hekaluni siku ile, angesoma daftari kwa sauti, "Yosefu wa Nazareti, njiwa wawili, salio bado." Basi daftari lifungwe. Weka kikapu karibu na mlango, kila mtu atie alicho nacho: kikombe cha maharage, mzigo wa kuni, chumvi, kiti cha kukalia. Asiye na kitu aje na kijiko chake. Kisha wiki moja kabla, nenda kwa miguu mpaka kwa kila mjane wa jumuiya, umwambie kwa kinywa chako kwamba anangojewa. Ujumbe wa simu hautoshi.

Katika Injili hiyo hiyo wamo wazee wawili, Simeoni na Ana, na Ana ni mjane wa miaka themanini na minne. Wazee na wajane kama hao ndio wenye viti vyenye egemeo. Viti vingine azima popote. Waanglikana wa jirani wana benchi imara, nao hutoa kwa moyo. Kanisa lao lina mizizi katika ukanda huu wa mpaka tangu zama za Apolo Kivebulaya, Mganda aliyekwenda Mboga, upande wa Kongo, mwaka 1896, na akafia huko mwaka 1933. Benchi ya kanisa lao ukiikalia unakalia historia. Ipake alama ya chaki ili irudi kwao.

Langoni weka kibuyu chirizi na sabuni. Wakubwa hawahitaji kuelezwa. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo na wagonjwa wakalazwa hospitali ya Bwera, na miezi ile tulisalimiana kwa macho. Ugonjwa ulizuiwa usienee kwetu, na kunawa kulichangia. Yeyote anayepita langoni anawe, hata dekano.

Sala iwe na lugha zote za ua wako. Somo lisomwe kwa Lhukonzo, kwa sababu mabibi wetu wanamjua Mungu kwa jina la Nyamuhanga tangu kabla ya kujua kusoma. Nia za sala ziwe kwa Kiswahili, tukutane na wa ng'ambo. Kuna Waganda wengi wanaokumbuka Kiswahili kama lugha ya askari barabarani. Bwera sisi tumekinunulia mawese na kukiuzia vitambaa, tumekiolea na kukizikia. Mtu wa Kasindi akisema "aksanti" na wa Bwera akajibu "wasingya", wameelewana na wameshukuru mara mbili.

Kati ya nia za sala, tatu zisirukwe hata mshereheshaji akikutazama saa. Ya kwanza ni ya wale wa Kasese na Kilembe ambao mto Nyamwamba uliwachukulia nyumba Mei 2020; wapo watakaofika kwako na bado hawajajenga upya. Ya pili ni ya familia zilizopoteza watu katika miaka yetu ya machafuko, mmoja mmoja kwa jina kama wenyewe wakiridhia. Ya tatu ni ya wanafunzi wa Lhubiriha. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia katika shule ya sekondari hapo Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Na siku inayofuata mkusanyiko wetu, tarehe 28 Desemba, Kanisa linawakumbuka Watoto Mashahidi wa Bethlehemu. Ua wetu uko umbali wa kutembea kutoka ilipo shule ile. Nyamazeni kidogo kabla ya kuimba tena. Wazazi wa wanafunzi hao wanaweza kuwa wameketi kwenye benchi ya tatu.

Kwa sababu ya usalama, mpelekee mwenyekiti wa kijiji (LC1) taarifa siku kadhaa kabla, na mwalike. Na maliza mapema. Wanaorudi Kasese wana zaidi ya kilomita 50 mbele yao, kupitia Kikorongo karibu na mstari wa ikweta, na huko tembo huvuka barabara wapendavyo, hawangojei teksi. Wa Kasindi lazima wavuke kabla mpaka haujafungwa. Saa kumi alasiri, wimbo wa mwisho. Anayetaka kucheza ngoma zaidi aanze saa nne asubuhi.

Zimebaki hotuba. Hapa nina dawa iliyojaribiwa: ziwekwe kabla ya chakula, sufuria zikiwa zimefunuliwa, upande unaotoka upepo wa mlimani. Msemaji wa kwanza ataongea dakika tano. Harufu ya mbuzi itamfikia wa pili katikati ya salamu. Wa tatu atasema tu Krismasi njema. Mwanasiasa akitokea, na hutokea, mpe sahani na kipande kizuri. Kipaza sauti kibaki kwa kwaya.

Chakula kikianza, watoto wale kwanza, kisha wazee, kisha wageni wa mbali. Wewe na mwenzio mtakula mwisho, mkisimama, kwenye kifuniko. Nakuhakikishia hamtaonja chakula kitamu kama hicho mwaka mzima.

Kabla watu hawajatawanyika, jaza mabakuli matano. Yapeleke hospitali kwa wasio na ndugu wa kuwaletea chakula, na kwa wale ambao majina yao yalikuwa kwenye orodha na viti vyao vilibaki wazi. Vyombo vya kuazima vioshwe jioni ile ile, na kila kimoja kirudi kwa mwenyewe na kitu ndani: ndizi mbili, kiganja cha kahawa, hata limau. Chombo hakirudi kitupu.

Yule mama mjane nimekwisha kwenda kwake. Amesema ataleta chumvi, na nimemwambia kiti chake ni cha mbele, chenye egemeo. Ninyi wengine wa jumuiya, na majirani wa kila dini, tunawangoja tarehe 27 baada ya misa ya asubuhi. Njooni na vijiko.